Matibabu kwa simu: mgonjwa anashuku, daktari anasita. Tupeane uzoefu (Nakuru, Kisumu na Magharibi)

Mwanzisha uzi
Wadau, hamjambo. Sheria ya Afya ya Kidijitali tunayo tangu 2023, lakini mgonjwa bado anauliza, "Hajanigusa, atajuaje ninachougua?" Daktari naye anauliza, "Sijampima, nimwandikieje dawa?" Mlio kwenye kazi hii, tuelezeni: simu inafaa wapi, na mambo huharibikia wapi?

Klinikal ofisa (tabibu), Ahero
Nianze na daktari, maana watu hudhani kusita kwake ni uvivu. Mgonjwa akiingia chumbani, macho huanza kazi kabla hajaketi: anatembeaje, anahemaje, viganja vimepauka au la. Kisha mkono unabonyeza tumbo. Maumivu ya chini upande wa kulia yanaweza kuwa gesi, yanaweza kuwa kidole tumbo, na bila kubonyeza hakuna wa kuapa. Ndiyo maana anakwambia nenda hospitali, nawe unaona pesa ya simu imeliwa bure.

Mtego mkubwa huku kando ya ziwa ni homa, kwa sababu kila homa tunaiita malaria. Mtoto wa malaria na mtoto wa nimonia wote huchemka, wote huweza kuhema haraka. Ukiandika dawa ya malaria bila kipimo, Panadol itashusha joto, mama atatulia, na kumbe mapafu yanazidi kuharibika. Kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidoleni na dakika 15 hadi 20. Pima kwanza, halafu piga simu ukiwa na jibu mkononi.

Nesi wa kliniki ya presha, Nakuru
Umenena, Daktari. Niongeze upande ambao simu inafaa kabisa: presha na sukari, kwa mtu ambaye tayari anajulikana kliniki. Hapo daktari anahitaji namba kuliko anavyohitaji kukugusa. Shida ni kwamba namba nyingi zinazotumwa ni mbovu, na daktari akishaletewa mbovu mara mbili anaacha kuziamini zote.

Fanya hivi. Nusu saa kabla ya kupima, usinywe chai wala kahawa, usivute sigara. Nenda haja ndogo, kwa sababu kibofu kikijaa presha hupanda. Keti dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu isipishane. Mkono uweke mezani, usawa wa moyo. Ukining'inia, namba inapanda. Mkanda uvae juu ya ngozi. Baridi ya Molo na Njoro huwafanya watu wakunje sweta mkono ukabanwa, au wafunge mkanda juu ya nguo. Na mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Usizungumze.

Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, siku 7. Siku ya kwanza huachwa. Zinazobaki hutafutiwa wastani. Nyumbani tunaanza kuhesabu presha ya juu kwenye 135/85, si 140/90 ya kliniki. Tuma namba zote, usichague nzuri. Ikifika 180/120 na kifua kinauma, macho yana ukungu au upande mmoja umelegea, usitafute bando. Tafuta gari.

Mhudumu wa afya ya jamii, Siaya
Kwa mtoto, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, halii, hanyonyi. Usihesabu nusu dakika ukazidisha. Watoto hawahemi sawasawa. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni haraka. Mwaka 1 hadi chini ya 5, ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani au akikataa kunyonya, hilo si la simu. Uwe na kijitabu cha kliniki karibu, kwa sababu dozi hufuata kilo.

Halafu kuna siri. Simu nyingi za nyumbani ni za watu wawili watatu. Daktari aulize kwanza, "Uko peke yako? Simu iko kwenye spika?" Mama hawezi kutaja uzazi wa mpango mavyaa akisikiliza, na atakachoficha ndicho daktari alichohitaji.

Mfamasia, Kakamega
Picha ya skrini yenye jina la dawa tu hainitoshi. Nataka jina la mgonjwa, umri, tarehe, dozi, idadi ya siku, jina la aliyeandika na namba yake ya usajili. Bila tarehe, karatasi moja ya antibiotiki huzungushwa ukoo mzima, na hili huwaogopesha madaktari kuandika kwa simu.

Mnaokagua usajili, kumbukeni klinikal ofisa hayumo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari. Ana baraza lake. Wengi huitwa matapeli kwa kutafutwa mahali pasipo pao.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Na upele, picha inatosha?

Nesi wa kliniki ya presha, Nakuru
Mara nyingi inasaidia, ikipigwa mchana karibu na dirisha bila flashi: moja kwa mbali, moja kwa karibu, na sarafu kando kuonyesha ukubwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo useme kwa maneno kama pana joto, panauma au panawasha. Na kabla ya kukata simu, muulize daktari ni dalili gani ikitokea uende hospitali usiku huohuo. Ziandike.