Mwaka wa nne, matela mawili na kiwanja cha mawe: nianze na nini?

Mwalimu_Majengo (Goma)
Jambo wote. Nafundisha mwaka wa nne wa msingi, na sasa nimepewa pia saa ya michezo. Watoto wanadai salto, yaani kupinduka hewani, maana wanaona vijana wakizipiga kwenye mchanga kando ya ziwa. Kiwanja chetu ni lava iliyoganda ya volkano ya 2002, ukijikwaa tu goti limechunika. Nina matela mawili ya sponji na shitingi moja ya plastiki. Watoto wanapita hamsini. Naogopa shingo zao.

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Mwalimu, hofu yako ni ya haki, usiiache. Juu ya lava usibiringishe mtoto hata ukitandika shitingi mara nne. Sukumeni madawati ukutani, mfanyie darasani.

Na usianze na ruladi, yaani kubiringika kichwa chini. Anza na mgongo. Mtoto akae, akumbatie magoti, kidevu kifuani, ajibembeze nyuma na mbele mpaka ainuke bila kushika chini. Mgongo ukigonga "pa!" sakafuni, bado haujapinda. Hapo wengi hukosa subira, lakini kazi yote iko hapo.

Ndipo uje kwenye ruladi ya mbele: achuchumae, viganja chini upana wa mabega, anyanyue makalio, atazame kitovu chake. Kinachogusa matela kwanza ni kisogo na mabega, si utosi. Uzito ubaki mikononi. Wewe piga goti ubavuni, mkono mmoja kisogoni, mwingine nyuma ya paja. Unamsindikiza, humsukumi. Sisi huku tuna milima, basi natafuta nyasi zenye mteremko mdogo na mtoto anabiringika karibu peke yake. Wewe inua upande mmoja wa matela kwa ubao imara, asishuke toka juu sana.

Hao hamsini usiwapange mstari mmoja, watasukumana. Kundi moja tu liwe kwenye matela, nawe uwe hapo. Wengine watembee kwa mikono na miguu kama dubu, wasimame mguu mmoja, waruke na kutua magoti yakikunjika. Mikono inayobeba mwili leo ndiyo itakayosimama kichwa chini kesho.

Wasichana wavae suruali chini ya sketi, na asiwepo anayechekwa. Hilo nalifuatilia kwa ukali.

Mwalimu_Majengo (Goma)
Aksanti sana, yaya. Kuna mmoja kila nikimwambia kidevu chini, anakiinua akifika matelani.

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Mpe kitambaa akibane kati ya kidevu na kifua. Kikianguka kabla hajamaliza, atajua mwenyewe. Ruladi ya nyuma ingoje, inabana shingo zaidi.

Kine_Katuba (Lubumbashi)
Naongeza moja, mimi ni mtu wa tiba ya viungo. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down asibiringike kabla daktari hajamwangalia shingo, mifupa yake ya juu inaweza kuwa imelegea. Na yeyote akiangukia shingo na kulalamika maumivu au ganzi, msimwinue, msimkalishe. Shikeni kichwa kisitikisike, iteni muuguzi.

Mwalimu_Majengo (Goma)
Nimeandika yote. Na salto nitawajibu nini?

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Waambie hapana, kwa upole. Salto ya hewani inataka matela manene na mtu aliyefunzwa kuipokea. Wewe wape gurudumu, kupinduka kiubavu juu ya mikono: chora mstari kwa chaki, mkono, mkono, mguu, mguu. Watalipenda mpaka kengele ilie.