Hivi kwa nini kila mwenye bajeti ndogo ya kuongeza nguvu ya pikipiki lazima aanzishiwe ekzosti? Mmetuchosha

Wakuu naandika nikiwa na hasira, atakayekwazika anisamehe au asinisamehe, vyovyote.

Mtu anauliza vizuri kabisa: nina pikipiki ya 125, hela yangu ndogo, nataka ivute mlimani na isichoke nikibeba mtu, nianze na nini. Majibu ni yale yale miaka nenda rudi. Weka ekzosti ya wazi, toa ea klina weka filta ya koni, CDI ya resi (kile kiboksi cha umeme wa cheche), koili ya rangi, plagi ya iridium, piga jeti kubwa (kile kitundu cha kupitisha mafuta kwenye kabureta), mkuu utaona moto. Hakuna hata mmoja anayemuuliza kompresheni yake ikoje (injini inabana hewa kiasi gani ndani ya silinda), tapeti za kurekebisha mwanya wa valvu zilisetiwa lini, sproketi za cheni zina meno mangapi. Mnatibu mgonjwa ambaye hamjamgusa hata mkono!

Yamenikuta mimi. Nilipeleka pikipiki kwa fundi ambaye pia anauza spea, na shida inaanzia hapo hapo maana anayekupima ndiye anayekuuzia. Nikamwambia kwa kinywa changu, kabla hujafungua chochote nataka kompresheni ipimwe. Akacheka. Akapiga resi mbili tatu, akainamisha sikio, akasema "bosi injini nzima hii, inabanwa na moshi tu, haipumui, wewe niachie mimi". Jioni narudi nakuta imeshafungwa ekzosti isiyo na kitu ndani na filta ya koni, na bili juu yake, yaani bajeti yote niliyokuwa nimeitenga kwa kazi nzima imeishia kwenye bomba. Jeti hakugusa kabisa.

Matokeo yake sasa. Kelele mtaa mzima unajua napita. Nikiachia mafuta (ule mkono wa kuongeza spidi) kwenye mteremko inapiga risasi. Bomba pale linapotokea kwenye hedi limegeuka bluu. Plagi ukiitoa ni nyeupe pee, na ukiigeuza kwenye mwanga unaona vidoa vidogo vinang'aa kwenye ile kaure yake, na anayejua plagi anajua vidoa vile ni nini, ni alumini ya pistoni imeanza kuchubuka kwa sababu ya kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda. Namrudia ananiambia "iache izoee". Izoee nini? Injini haizoei kukosa mafuta.

Na hii si siri ya kiwandani jamani. Petroli inaungua kikamilifu ikipata hewa mara 14.7 ya uzito wake, na nguvu kubwa inapatikana mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, kwenye 12.5 mpaka 13 hivi. Sasa ukifungua njia ya hewa ukafungua na njia ya moshi halafu jeti ukaiacha vile vile, hewa inazidi mafuta yanapungua, joto linapanda na nguvu inashuka. Kwa hiyo nimelipa hela ili nipunguziwe nguvu na juu yake niunguziwe pistoni. Halafu wale wenzangu wa "piga jeti kubwa tu" na nyie tulieni, jeti kuu inafanya kazi yake mafuta yakiwa yamefunguliwa kuanzia robo tatu kwenda juu, chini ya hapo kuna sindano na klipu yake, na chini kabisa kuna jeti ndogo na skrubu ya slo (injini ikinguruma bila kupewa mafuta). Ukibadili jeti kuu peke yake, pikipiki unayoiendesha mjini kwa nusu ya mafuta itabaki na ugonjwa wake ule ule, ila ukiifungua mwisho na jeti imezidi itatoa moshi mweusi. Hapo unakuwa na magonjwa mawili.

Fundi wa pili ndiye aliyenionyesha nilichokuwa nakidai toka mwanzo. Mzee hana maneno. Akatoa plagi, akafunga geji, akaniambia nishike mafuta mpaka mwisho wakati yeye anapiga kiki (ukipima mafuta yakiwa yamefungwa geji inadanganya, inasoma chini). Ikasoma chini kweli. Akamwaga oili kidogo tu kupitia tundu la plagi, akapima tena, mshale haukusogea. Kama ni ringi zimekwisha ile oili ingeziba na mshale ungepanda, haujapanda maana yake upepo huenda unatokea kwenye valvu. Kufungua kifuniko cha tapeti, ile ya ekzosti haina mwanya kabisa, filageji ya 0.05 haipiti. Kwenye hizi injini ndogo za kupozwa na hewa mwanya mara nyingi ni kati ya 0.05 na 0.10 ya milimita, kitabu cha pikipiki yako kitakwambia namba yenyewe. Mwanya ukiisha valvu haifungi, kompresheni inatoroka, na valvu yenyewe inaungua kwa sababu inapozwa pale inapokalia siti yake, sasa haikalii. Valvu zikasagwa, gasketi mpya, tapeti zikasetiwa injini ikiwa ya baridi. Hela iliyotoka haifiki nusu ya lile bomba. Pikipiki ikapanda mlima kwa giya ya nne tena.

Sasa nielezeni, yule wa kwanza alishindwa nini kutoa plagi moja?

Turudi kwenye hizo "apgredi" zenu, maana nataka tuzungumze kwa namba leo. Chukua injini ya mfumo wa CG125 ya Honda ambayo wengi tunaijua, kipenyo cha silinda yake ni 56.5 mm na stroku (mwendo wa pistoni juu chini) 49.5, ukipiga hesabu inakuja cc 124. Kuna mafundi wanamwambia mtu "nakuchongea silinda tuweke pistoni ya oversaizi 0.50, itakimbia balaa". Pistoni ya 57 mm inakupa cc 126. Umeongeza cc mbili! Haifiki hata asilimia 2. Ukisikia imepata nguvu baada ya hapo ni kwa sababu ringi mpya zimeziba kilichokuwa kinavuja, sio kwamba injini imekuwa kubwa, na hakuna ubaya wowote wa kuchonga silinda iliyoliwa ila msituuzie oveholi ya kawaida kwa jina la resi.

Ukitaka ukubwa wa kweli unakwenda kwenye silinda ya 62 mm, hapo ndio unapata cc 149 kwa stroku ile ile. Asilimia 20 ya ukubwa, hiyo ni ya maana, siikatai. Lakini niambieni ni nani kati ya wauzaji amewahi kumwambia mteja habari ya hedi? Injini ya cc 124 yenye kompresheni ya 9 kwa 1 ina chumba cha kuchomea cha cc 15.5 hivi. Ukiweka silinda ya cc 149 juu ya chumba hicho hicho, na pistoni yenye kichwa cha umbo lile lile, kompresheni inapanda mpaka 10.6 kwa 1. Kwenye injini ya hewa, na petroli ya oktani ya chini, ikiwa na mzigo, mchana wa jua. Itagonga. Sio labda, itagonga, halafu utasikia "pistoni za siku hizi feki". Inawezekana ni feki kweli, lakini hata nzuri isingepona hapo. Dawa yake ipo, unatafuta pistoni yenye kichwa kilichochimbwa au hedi yenye chumba kikubwa, au unarudisha taimingi nyuma kidogo na kukubali kupoteza nguvu fulani, ila lazima mtu aambiwe kabla hajatoa hela.

Na hapo bado krenkikesi inaweza kuhitaji kuchongwa mdomo ili silinda nene iingie, kabureta ya 125 inaanza kubana kwenye mizunguko ya juu, klachi inaanza kuteleza kwa sababu springi ni zile zile, halafu breki ya dramu ya mbele iliyokuwa inasimamisha kwa shida inabaki pale pale ikikuangalia. Mtu mwenye bajeti ndogo akishanunua silinda na pistoni hela imeisha. Vyote vilivyobaki vinakuwa "tutafanya baadaye", na baadaye yenyewe ni siku injini imeshika barabarani. Ndio maana nasema kama hela haitoshi silinda PAMOJA na jeti, gasketi, springi za klachi, oili ya kubadilisha mapema wakati injini inazoeana (hapo ndipo neno kuzoea linahusika, mafundi wangu), basi hiyo hela haitoshi silinda. Usianze.

CDI ya resi. Hiki kitu kinaniudhi kuliko vyote. Kazi yake ni kusukuma umeme wa cheche kwenye koili, kupanga cheche ipige saa ngapi, na kuweka kikomo cha mizunguko kama kipo, basi. Hizi pikipiki ndogo nyingi CDI zake hazina kikomo cha maana, sasa unaondoa nini? Na hata kama kipo, nguvu ni msokoto mara mizunguko, na injini ya kawaida ikishapita kilele chake msokoto unaanguka haraka kuliko mizunguko inavyopanda, kwa hiyo unazungusha bure. Ila konrodi haizunguki bure. Mzigo inaoubeba unapanda kwa kipeo cha pili cha mizunguko, ukitoka mizunguko 8,500 kwenda 10,000 umemuongezea karibu asilimia 38. Kwa faida ya sauti tu. Koili ya rangi na plagi ya iridium sitaki hata kuzijadili, plagi ya iridium inadumu, sawa, lakini plagi ya kawaida nzima yenye mwanya sahihi inachoma mafuta yale yale.

Kuna mwingine juzi kaandika kwamba filta ya koni imemuongezea spidi 20. Mkuu, nguvu ya kupasua upepo inapanda kwa kipeo cha tatu cha spidi. Kutoka 100 kwenda 120 unahitaji nguvu karibu mara 1.7 kwa upande wa upepo. Pikipiki ya hosipawa 11 itakuwa imefika 18 au 19 kwa kipande cha sponji. Kilichoongezeka ni mlio wa kunyonya hewa karibu na paja lako, na vumbi ndani ya silinda.

Kitu ambacho hakina kelele ndicho hamkitaji. Sproketi! Ukitoka meno 15 mbele ukaweka 14, tairi la nyuma linapata mvuto wa asilimia 7 zaidi kwenye kila giya, gharama yake ni sproketi moja na dakika chache za kurekebisha cheni. Haiongezi hosipawa hata moja, na spidi ya mwisho inaweza kushuka, lakini aliyeuliza alisema mlima na mzigo, hakusema spidi ya mwisho. Mnajibu swali mlilolitaka nyie. Na kuna pikipiki ambazo giya ya tano haivutiki kabisa, ukizipunguzia jino mbele zinafika spidi ile ile au hata zaidi kidogo kwa sababu sasa injini inafika kwenye mizunguko yake ya nguvu.

NYONGEZA: naona mtu ananiambia "nunua pikipiki kubwa acha kulalamika". Na kwa hesabu kavu upo sahihi mara nyingi, ukijumlisha silinda, kabureta, kuchonga, klachi na breki, kuuza 125 na kuongezea uchukue 150 ya kiwandani kunatoka nafuu na inalala ikiwa nzima. Ila sio kila mtu anaweza kuuza, kuna ambao pikipiki ndiyo kazi na hawawezi kukaa hata wiki bila hiyo.

Mwingine anauliza nitajuaje kama imeongezeka bila mashine ya kupimia. Tafuta mlima mmoja, giya moja, mzigo ule ule, pima kwa simu muda wa kutoka 40 mpaka 70, kabla na baada, siku isiyo na upepo, rudia. Masikio hayapimi nguvu, ekzosti ya wazi imewadanganya wengi kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo kuanzia sasa anayekuja hapa na ushauri aandike kipenyo cha silinda, stroku, jeti namba ngapi, meno ya mbele na ya nyuma, na muda wake kabla na baada. Asiye navyo asitumalizie hela.

Na kama kuna aliyefunga silinda ya 62 kwenye injini ya fimbo (hii ya mfumo wa CG, valvu zinasukumwa na fimbo) akabaki na kabureta ile ile ya 125, naomba aniambie jeti kuu aliishia namba ngapi na klipu ya sindano aliiweka shimo la ngapi, maana huyu mzee wangu wa geji naye jana nimemkuta ananifutia vumbi silinda moja ya dukani kwake huku ananiangalia.