Unga wa titani dioksidi unakulaje mvuke wa thina?

Fundi_Jinja: Wakuu habari, niko gereji huku Jinja, tunapuliza rangi na mvuke wa thina unatuumiza kichwa kutwa. Nasikia ukipaka titani dioksidi ukutani ikipigwa na mwanga inaumaliza, inafanyaje?

Mwl_Mbale: Ndugu, mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 388 hivi (yaani urujuanimno, usioonekana kwa macho) ukiugonga huo unga elektroni inaruka inaacha tundu, hilo tundu linanyang'anya elektroni kwa maji yaliyoshikilia juu ya unga, inazaliwa radikali ya haidroksili (kipande cha maji chenye elektroni isiyo na mwenza) ambayo ni kali balaa, inang'oa haidrojeni kwenye haidrokaboni (kemikali za kaboni na haidrojeni) za thina, oksijeni ya hewani inadandia hapo, inaendelea hivyo mpaka kaboni dioksidi na maji. Elektroni iliyoruka inabebwa na oksijeni, isipobebwa inarudi tunduni na mwanga umeenda bure.

DadaArua: Kweli, ila urujuanimno kwenye jua ni kama asilimia 5 tu na humo ndani unafika kidogo sana. Tena toluini, kiyeyushi kilichomo kwenye thina, inaacha uchafu wa kahawia juu ya unga, kazi inazorota. Pulizieni nje kaka, na mvae barakoa za kaboni.

Fundi_Jinja: Huo uchafu unatoka?

Mwl_Mbale: Ukiuanika juani penye hewa yenye unyevu unapungua, polepole lakini.