Mrejesho: bomba jipya la majitaka, tumeshaungwa

Wakuu, niliuliza kama nisubiri bomba la majitaka linalochimbiwa mtaani kwetu, Dar, au nichimbe shimo lingine la choo. Nilisubiri, na nyumba imeshaungwa.

Walianza kulaza bomba upande wa chini wakawa wanapanda nalo, maana kwenye bomba hili majitaka yanatembea kwa mteremko tu, hayasukumwi kwa pampu. Kilichowatesa ni maji ya ardhini. Huku karibu na bahari hufiki mbali, mtaro umeshajaa, kwa hiyo pampu ililia usiku kucha, na kuta zikazuiwa kwa mbao zisiporomoke. Vumbi tumekula! Duka la jirani lilikosa wateja kabisa, na fidia hakuna aliyeitaja.

Mliouliza upande wa nyumbani: bomba la inchi 4, mteremko karibu sentimita 2 kwa kila mita, chemba (kishimo chenye mfuniko cha kukagulia na kuzibulia bomba) kila kona. Maji ya mvua ya paani fundi alikataa kuyaingiza humo, na namuunga mkono. Masika yangefurisha chemba za mtaa mzima. Shimo la zamani lilinyonywa, likafukiwa kwa mchanga. Lami bado hawajarudisha.