Naomba ushauri: kadi za salamu za mkono, muhuri unatoka na mabaka na mapambo yanazidi

Tawi_Moja
Wakuu, habari zenu. Natengeneza kadi za salamu kwa mkono, nataka ziwe tulivu: karatasi nyeupe, tawi moja la majani la kupiga muhuri, neno "Hongera" chini yake na pambo dogo basi. Shida ni nne. Muhuri ni wa plastiki angavu, wa kubandika kwenye kibao cha akriliki, na unatoka na mabaka, katikati pamefifia. Mkunjo wa kadi unapasuka hadi nyuzi zinaonekana. Karatasi ya juu ninayobandika inajikunja pembeni. Na maandishi meupe kwenye kadi za bluu iliyokoza yanakuwa kijivu. Karatasi ni ya gramu 300, nakata A4 nusu kwa urefu wake, gundi ni nyeupe ya kawaida. Nirekebishe nini kwanza?

Fundi_Muhuri
Anza na muhuri, maana kadi ya aina hiyo haina pa kujificha: chapa ikiwa na mabaka, hakuna pambo litakaloiokoa.

Muhuri mpya wa plastiki angavu huja na utando laini unaofukuza wino, ndiyo maana wino unajikusanya vitone vitone. Sugua uso wake taratibu kwa kifutio cha penseli hadi mng'ao upungue, osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha. Halafu weka sponji bapa ya milimita 2 au 3 chini ya karatasi. Meza haiko bapa kama unavyoiona, na kwa kuwa ni ngumu haina pa kubonyea, kwa hiyo katikati ya muhuri haigusi sawasawa.

Usiukandamize muhuri kwenye pedi ya wino. Ugeuze uso juu, ugongegonge kwa pedi, kisha uinamishe kwenye mwanga uone kama umelowa kote. Shusha wima, bonyeza katikati na pembe zote kwa sekunde 3 hivi, inua wima. Usiubembeze hata kidogo. Kubembeza ndiko kunakoacha alama za ukingo wa muhuri kando ya tawi. Na karatasi iwe laini. Yenye mikwaruzo ya urembo huruka wino kwenye mabonde yake.

Kona_Nne
Mkunjo: kosa liko kwenye ukataji. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, na mkunjo unatakiwa uende sambamba nazo. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazokwenda na upande mrefu, wa milimita 297. Ukiikata kwa urefu unapata vipande vya 105 × 297, na ukivikunja katikati unavunja nyuzi. Ikate kwa upana upate 148 × 210, kisha kunja kwenye 105. Kadi inatoka na ukubwa uleule wa 105 × 148, inaingia bahasha ya C6 (114 × 162), ila sasa mkunjo unafuata nyuzi. Ukitaka ifunguke kwenda juu, ilaze tu.

Kuhakikisha, ipinde karatasi kidogo bila kuikunja, upande mmoja kisha mwingine. Inakopinda kwa wepesi ndiko mkunjo uwe.

Kabla ya kukunja, pitisha kalamu ya bolipeni iliyoisha wino kando ya rula ya chuma, utie mfuo (mstari uliobonyea) bila kuchana. Mfuo ubaki nje ya kadi, kinundu kilichotokea nyuma kiwe ndani. Wengi hukunja kinyume, na hapo gramu 300 lazima ipasuke. Gramu 250 inatosha kabisa kwa kadi. Karatasi ya juu ikate 99 × 142, ibaki milimita 3 kila upande.

Wino_Mzito
Wino mweupe kwenye karatasi iliyokoza hunywewa, na rangi ya chini hujitokeza. Ndicho hicho kijivu chako. Tumia unga wa kuyeyuka, ule unaomwagwa juu ya wino mbichi kisha kuyeyushwa kwa hewa moto. Pitisha poda kavu kwenye karatasi ili chembe za unga zisinate ovyo, piga muhuri kwa wino wa pigmenti unaochelewa kukauka au ule angavu unaonata, mwaga unga mweupe, kung'uta, ondoa chembe zilizobaki kwa brashi kavu. Washa mashine ya kupuliza hewa moto kando kwanza hadi ipate moto, ndipo uilete sentimita 4 au 5 kutoka kwenye karatasi. Herufi ikianza kung'aa, sogea. Ukizidisha, unga unazama kwenye karatasi na kuacha kingo kama za mafuta. Ukipunguza, unabaki na chembechembe na utabanduka. Draya ya nywele haifai, itapeperusha unga kabla haujayeyuka.

Tawi_Moja
Asanteni sana wakuu. Na mapambo? Nina uzi, utepe na lulu bapa, na kila nikianza najikuta nimeweka vyote.

Nafasi_Tupu
Chagua kimoja. Kama ni lulu, ziwe 3 za ukubwa tofauti, zikae pembetatu kuzunguka tawi, si mstari mmoja. Kama ni uzi, uzungushe mara 2 au 3 kwenye karatasi ya juu, karibu na theluthi ya chini, ncha uzifiche nyuma kwa selotepu.

Kina utakipata kwenye muhuri wenyewe. Piga tawi, kisha bila kuongeza wino piga tena pembeni: la pili linatoka hafifu, kama liko mbali. Tawi moja liache litoke nje ya ukingo, huku umetandika karatasi chakavu chini. Maliza chapa zote kabla ya kubandika, ukikosea unatupa karatasi ya juu tu.

Kuhusu ukingo natofautiana na Kona_Nne. Milimita 3 zinafaa kadi ya chini ikiwa na rangi nyingine. Nyeupe juu ya nyeupe, ukingo huo unaonekana kama kosa la kukata. Acha milimita 8 hadi 10.

Gundi_Kidogo
Kujikunja ni maji ya gundi: nyuzi za upande mmoja zinavimba, ule mwingine haujalowa. Tumia selotepu ya pande mbili kwenye kingo zote nne na mstari mmoja katikati. Gundi nyeupe ibakize kwa lulu, kitone cha ncha ya sindano, ikikauka haionekani. Ukitaka karatasi ya juu iinuke, sponji ya kunata ya milimita 1 inatosha. Ya milimita 2 pamoja na lulu huchora bahasha kwa ndani na kubonyeza kadi inayofuata ukizipanga pamoja.

Tawi_Moja
La mwisho: muhuri wangu mmoja umeanza kuwa njano. Umeharibika?

Fundi_Muhuri
Hapana, wino na mwanga huupaka rangi, lakini chapa haibadiliki. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu, usitumie spiriti wala tina, zinaweza kuukausha hadi upasuke. Uhifadhi gizani ukiwa umebandikwa kwenye plastiki bapa. Muhuri ukiacha kunata kwenye kibao, tatizo ni vumbi, osha vyote viwili.