Plaiwudi ya sakafu ya boti: epoksi tupu, epoksi na faiba, au poliesta?

Mkereza: Plaiwudi ya milimita 9, italowa mara kwa mara. Kati ya resini za kuipaka (vimiminika vinavyoganda kuwa ganda gumu), poliesta ni nafuu. Je, inafaa?

Randa: Mkuu, poliesta iache. Haishiki mbao kama epoksi, na mvuke wa maji huipenya kwa urahisi zaidi. Maji yakishaingia chini yake, ganda linabanduka na plaiwudi inaoza kimyakimya huku juu pakionekana pazima.
Epoksi tupu inatosha pasipokanyagwa: mikono (yaani matabaka) mitatu, pande zote mbili. Kazi kubwa iko kwenye kingo. Pale nyuzi zimekatwa, zinanywa maji kama mirija. Zipake epoksi isiyochanganywa na unga wowote wa kuikoleza, urudie kila inaponywewa hadi zing'ae. Plaiwudi iwe kavu kwanza, la sivyo unaufungia unyevu ndani.

Tezi: Nakubaliana na Randa, ila hii ni sakafu. Bila kitambaa cha faiba, tabaka la juu la plaiwudi hupata nyufa nyembamba kadiri linavyovimba na kusinyaa, na epoksi hupasuka nalo. Weka kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba. Kukilowesha kunataka epoksi ya uzito kama huohuo. Ukijumlisha mkono wa kwanza na miwili ya kuziba vishimo vya ufumaji, tenga kama gramu 700 za epoksi kwa kila mita ya mraba. Pembe zichonge mviringo wa milimita 6 au zaidi, maana kitambaa hakikunjiki kwenye ncha kali. Kitanyanyuka na kuacha hewa.

Mkereza: Mati (faiba isiyofumwa, vipande vyake vimeshikanishwa kwa gundi) badala ya kitambaa?

Randa: Hapana. Katika mati zilizo nyingi, gundi yake huyeyushwa na stairini, kiyeyusho kilichomo kwenye poliesta. Epoksi haina stairini, kwa hiyo mati inabaki ngumu, hailoweki sawasawa.

Msasa80: Hadina (kimiminika cha pili kinachochanganywa na epoksi ili igande) usiizidishe ukitaka epoksi ikauke haraka, itabaki laini daima. Fuata kipimo cha kopo, na uangalie kama ni cha ujazo au cha uzito.
Paka joto linaposhuka, jioni kwa mfano. Likipanda, hewa ya ndani ya mbao inatanuka na kutoa mapovu.
Epoksi ikikauka na kuwa na utelezi kama nta, osha kwa maji na sponji ya kukwangua kabla ya msasa. Msasa peke yake unausambaza, na mkono unaofuata hautashika. Mwisho piga rangi, maana jua huiharibu epoksi.

Tezi: Na matundu ya skrubu: toboa mapana zaidi, jaza epoksi iliyokolezwa kwa unga, ikikauka toboa upya katikati. Skrubu isiguse mbao tupu.