Nimeiona Supra kwa macho kwenye maonyesho. Niichukue, au Z, au GR86?

Kasi_Pole: Wakuu, jana nimeiona Toyota GR Supra ana kwa ana kwenye maonyesho ya magari. Picha haziitendei haki! Mabega ya nyuma yamejaa, na ni fupi kuliko nilivyodhani. Nimezunguka ukumbi mzima, nikarudi kwake mara tatu. Jirani yake zilikuwapo Nissan Z na Toyota GR86. Mwezi huu lazima niamue. Ipi?

Bi_Klachi: Mbona hujasema kitu? Gia za mkono au otomatiki? Utaliendesha kila siku? Una watoto? Supra na Z ni viti viwili tu.

SitaMstari: Supra, wala usihangaike. Silinda sita kwa mstari, lita 3, turbo. Na tangu 2022 gia za mkono zipo.

Fundi_Boksa: Hiyo ni BMW yenye nembo ya Toyota. Injini ni B58 ya BMW, ndugu yake ni BMW Z4, zote zimeundwa Graz, Austria. Ukiikaribia, yale matundu ya hewa mlangoni yamezibwa kwa plastiki. GR86 ni nyepesi, injini imelala chini, gari linakata kona kama limeshikwa na mkono.

SitaMstari: Na injini ya GR86 si ya Subaru? Hata kiwanda ni cha Subaru. Tusibaguane.

Mpenzi_wa_Z: Mnaisahau Z. V6, turbo mbili, farasi 400, na sura inayoiheshimu ile Z ya kwanza ya 1969.

Tulia_Kwanza: Ndugu yangu Kasi_Pole, nisikilize. Mimi nililipenda gari nikiwa maonyeshoni, jina naliacha. Nilikaa ndani dakika mbili, watu wamepanga foleni nyuma yangu, nikaona aibu kuchelewa. Chini ya zile taa rangi ya kijivu ilikuwa na kina kama maji. Nikalipa. Juani ikawa kijivu cha saruji. Hilo nililizoea. Kiti ndicho kilichonishinda: kingo zake zilinibana nyonga, na baada ya saa moja paja la kulia linakufa ganzi. Kwenye makutano nguzo ya kioo inaficha mtu mzima. Kila tuta nalipita kimshazari, na bado bampa inakwaruza. Miezi saba nikaliuza kwa hasara, na roho iliniuma kwa sababu injini yake niliipenda kweli. Rudi ukakae nusu saa. Vaa viatu unavyoendeshea. Kanyaga klachi mpaka chini.

Kasi_Pole: Asante sana. Nina mita 1.90, nitaliendesha kila siku. Gia za mkono. Mtoto mmoja, miaka minne.

Bi_Klachi: Mtoto! Hilo ndilo ungeanza nalo. Basi Supra na Z zimetoka.

Mpenzi_wa_Z: Zimetokaje? Mama yake hana gari?

Fundi_Boksa: GR86 ina viti vya nyuma, ukivilaza unabeba tairi nne. Ila kwa mita 1.90, kiti chako kikirudi nyuma, miguu ya mtoto haina pa kwenda.

Kasi_Pole: Mama yake analo, ndiyo. Jumapili ni siku ya mwisho ya maonyesho, nitakwenda na mtoto na kiti chake.

SitaMstari: Ukifika, waombe wafungue boneti ya Supra utupigie picha. Fundi_Boksa aione ile injini kabla hajaisema tena.

Fundi_Boksa: Nimeshaifungua mara nyingi. Ni injini nzuri mno. Ni ya BMW.